Mashine Nyingi, Kalamu Moja

Mhadhara kwa wananchi wa Matombo, Morogoro Vijijini



Asubuhi nimepita Bigwa, Kiroka na Mkuyuni kama nilivyokuwa nikipita nikiwa mwanafunzi, na nilipoyaona yale mawe yaliyoipa Matombo jina lake nikajua nimefika nyumbani. Nimeombwa nizungumzie sarafu za mtandao. Ombi lilikuja baada ya kijana mmoja, aliyechimba rubi tangu alipomaliza darasa la saba, kuniuliza kwenye kibanda cha chai: "Mwalimu, hiyo Bitcoin wanasema inachimbwa. Inachimbwa wapi, na mwenye kitalu ni nani?" Nilimjibu haraka kwamba haichimbwi ardhini na haina mwenye kitalu. Usiku ule sikulala vizuri. Nusu ya kwanza ya jibu langu ilikuwa sahihi. Nusu ya pili ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Tuanze na daftari. Mama yeyote hapa aliye kwenye kikundi cha akiba cha VICOBA anajua kwamba fedha ya kikundi haikai sandukuni peke yake, inakaa pia katika maandishi. Ukitoa elfu kumi na katibu asiandike, hiyo elfu kumi utaililia. Benki ni hivyo hivyo, na kampuni ya simu inayokutunzia fedha ni hivyo hivyo: kuna daftari, na kuna mtu anayeruhusiwa kuandika ndani yake. Tarehe 31 Oktoba 2008 mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto, ambao mpaka leo hawajajulikana kwa hakika, walitoa waraka mfupi wenye wazo la daftari lisilo na katibu wa kudumu. Kila mwenye kompyuta angekuwa na nakala ya daftari lote. Kila baada ya dakika kumi hivi, mmoja wao angepata nafasi ya kuandika ukurasa mpya, na wengine wote wangeukagua na kuunakili. Daftari la Bitcoin lilifunguliwa tarehe 3 Januari 2009.

Sasa, nani apewe kalamu kwa ukurasa huu, na nani kwa ukurasa ujao? Ukisema kura, mtu mmoja atajifanya watu elfu. Kwenye mtandao majina ni bure. Nakamoto akaweka sharti la kazi. Anayetaka kuandika ukurasa lazima atafute namba fulani ambayo, ikichanganywa na maandishi ya ukurasa huo, inatoa jibu linaloanza na sifuri nyingi. Hakuna njia ya mkato ya kuipata. Unajaribu namba moja, haifai, unajaribu nyingine, haifai, mabilioni kwa mabilioni, mpaka mmoja duniani aipate. Ndugu zangu wa machimboni mtaelewa kuliko mtu yeyote: kulitoa jiwe ni kazi ya miezi, kulitazama kwenye mwanga ni kazi ya dakika. Namba ile ni ngumu kuipata, lakini ikishapatikana kila mtu anaihakiki papo hapo. Ndiyo maana wanaita uthibitisho wa kazi. Aliyeipata anaandika ukurasa na kujilipa sarafu mpya. Hapo ndipo neno kuchimba lilipotoka.

Mwanzoni malipo yalikuwa sarafu 50 kwa ukurasa. Kila baada ya kurasa 210,000, yaani miaka minne hivi, yanapunguzwa nusu, na tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125. Hazitazidi milioni 21 jumla. Na kila baada ya kurasa 2,016 mtandao wenyewe unapima: kama wachimbaji wameongezeka na kurasa zinatoka upesi mno, ugumu unapanda. Wakipungua, unashuka. Ukiongeza majembe, mwamba unakuwa mgumu zaidi. Sikumbuki mgodi wowote wa hapa kwetu wenye tabia hiyo.

Katika miaka ya mwanzo mwanafunzi alichimba kwa kompyuta yake ya kawaida. Kisha watu wakagundua kwamba kadi za michezo ya video zinafanya hesabu hii haraka zaidi. Mwaka 2013 zikaingia mashine zilizotengenezwa kwa kazi hii moja tu, zisizoweza hata kuandika barua, na tangu hapo kompyuta ya nyumbani haikuwa na la kufanya tena.

Naomba mnivumilie kidogo nifanye hesabu, maana bila hesabu hii mengine yote yatakuwa maneno matupu. Chukueni mashine ya aina ya Antminer S19 Pro. Inakula wati 3,250, mchana na usiku. Kwa saa 24 hiyo ni uniti 78 za umeme. Mteja mdogo wa nyumbani wa TANESCO, yule anayelipa shilingi mia kwa uniti, mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Mashine moja inamaliza kwa siku moja zaidi ya alichopangiwa mama mwenye taa nne na redio kwa mwezi mzima. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 292 kabla ya kodi, ni takriban shilingi 22,800 kila siku iendayo kwa Mungu.

Na kwa gharama hiyo unapata nini? Mashine hiyo inajaribu namba trilioni 110 kwa sekunde. Ni nyingi, lakini mwaka 2025 mashine zote za Bitcoin duniani kwa pamoja zilivuka majaribio bilioni trilioni moja kwa sekunde. Gawanyeni. Mtu mwenye mashine yake moja hapa Matombo, akichimba peke yake, kwa wastani atapata ukurasa mmoja kila baada ya miaka 173. Anaweza kubahatika kesho, kama vile mtu anavyoweza kuokota rubi njiani akienda kisimani. Lakini hakuna anayelipa ada ya shule kwa matumaini hayo.

Kwa hiyo wachimbaji walifanya jambo ambalo ninyi mngelifanya. Waliungana. Mwishoni mwa mwaka 2010, kundi la kwanza la aina hiyo, Slush Pool, lilianzishwa na kijana wa Prague, Marek Palatinus. Mimi nitaliita kapu. Kila mmoja anatia nguvu yake kwenye kapu. Kapu likipata ukurasa, malipo yanagawanywa kwa kadiri ya kazi ya kila mtu. Badala ya kusubiri miaka 173 unapata senti chache kila siku. Hakuna ubaya hapo. Hata machimboni kwetu mwenye kitalu, mwenye fedha za chakula na dizeli, na wenye mikono wanagawana jiwe likitoka, kwa sababu hakuna anayeweza kubeba njaa peke yake kwa muda wote huo.

Lakini angalieni kwa makini kilichotokea hapo, maana ndicho kiini cha maneno yangu ya leo. Mchimbaji alipojiunga na kapu hakutoa nguvu ya mashine yake tu. Alitoa na kalamu. Katika utaratibu uliozoeleka, mwenye kapu ndiye anayepanga ukurasa: malipo ya nani yaingie, ya nani yasubiri, ukurasa huu ufuate ukurasa upi uliotangulia. Anatuma muhtasari kwa mashine zote, nazo zinahangaika kutafuta namba ya ukurasa ambao hazikuuandika wala hazikuusoma. Mchimbaji wa Texas na wa Siberia wanaweza kuwa hawajuani na hawaelewani lugha, huku mashine zao usiku kucha zikitwanga kinu kimoja cha mtu wa tatu.

Kipimo cha hatari kinafahamika: nusu. Anayeongoza zaidi ya nusu ya nguvu yote anaweza kuandika kurasa kwa haraka kuliko wengine wote wakijumlishwa, na kanuni ya mtandao ni kwamba mnyororo wa kurasa wenye kazi nyingi zaidi ndio wa kweli. Ni vizuri tuseme asichoweza, kwa sababu mitaani mnatishwa kwa mambo mengi ya uongo. Hawezi kujitengenezea sarafu nje ya kanuni. Kompyuta nyingine zitaukataa ukurasa wenye sarafu hizo. Hawezi kuchukua sarafu zako bila ufunguo wako wa siri. Anachoweza ni mambo mawili: kufuta malipo yake mwenyewe ya karibuni, na kukataa kuandika malipo ya mtu asiyemtaka.

La kwanza mlione kwa mfano wa hapa. Dalali anakuja Matombo, anataka jiwe lako. Anakulipa kwa sarafu za mtandao. Unatazama simu, malipo yameandikwa, kurasa mbili tatu zimeshafuata juu yake, unampa jiwe, anapanda bodaboda. Usichokijua ni kwamba tangu dakika alipokulipa, mashine zake zimekuwa zikiandika pembeni, kwa siri, kurasa nyingine ambamo sarafu zile zile zimerudi kwake. Akiwa na zaidi ya nusu ya nguvu, kurasa zake za siri zitazipita zile za wazi. Anazitangaza. Mtandao wote, kwa kufuata kanuni yake kwa uaminifu kabisa, unazikubali hizo na kuziacha zile za kwanza. Jiwe limekwenda Arusha, na malipo yako hayakuwahi kutokea. Humwoni mwizi, huna wa kumkamata, na daftari halina hata alama ya kufutwa.

Mei 2018 sarafu iitwayo Bitcoin Gold ilishambuliwa kwa namna hii na hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 18. Ethereum Classic ilipigwa Januari 2019, ikapigwa tena mara tatu ndani ya mwezi mmoja wa Agosti 2020. Zote zilikuwa sarafu ndogo, zenye wachimbaji wachache, na kwa sarafu ndogo mshambuliaji hahitaji hata kununua mashine. Anakodi nguvu kwa saa kadhaa kama unavyokodi trekta. Kijana anayeambiwa anunue sarafu mpya kwa sababu "bado ni bei ya chini" ajue kwamba udogo wake ndio udhaifu wake.

Bitcoin yenyewe ni mlima mkubwa zaidi. Lakini Juni 2014 kapu moja lililoitwa GHash.IO lilifika nusu. Mtikisiko ulikuwa mkubwa, wachimbaji wengi wakahama, na wenye kapu wakaahidi kutovuka asilimia 39.99. Watu walifurahia ahadi ile. Mimi naisoma kwa namna nyingine: siku ile usalama wa daftari la dunia ulining'inia kwenye ahadi ya kampuni moja, na ahadi ndiyo kitu ambacho mfumo ule uliundwa ili usikihitaji. Tena mwaka mmoja kabla, 2013, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Ittay Eyal na Emin Gün Sirer, walikuwa wamekwisha kuonesha kwamba hata nusu si lazima. Mwenye theluthi moja ya nguvu anaweza kuficha kurasa zake na kuzitoa kwa wakati anaouchagua, akawapotezea wengine kazi yao na kujipatia zaidi ya haki yake.

Hali ya miaka hii ya karibuni ikoje? Makapu mawili, Foundry ya Marekani na AntPool yenye uhusiano na kampuni ya Bitmain ya China, yamekuwa kwa vipindi virefu yakiandika pamoja karibu nusu ya kurasa zote za Bitcoin, na wakati mwingine zaidi. Jambo lililonistua zaidi lilibainika mwaka 2024: wanaochunguza mtandao waligundua kwamba makapu kadhaa yenye majina tofauti yalikuwa yakituma kwa mashine zao kiolezo kile kile cha ukurasa kilichotoka AntPool. Majina mengi mlangoni, na ndani jiko moja. Orodha ya makapu mnayoiona kwenye tovuti haiwaambii kalamu ziko ngapi.

Kuhusu lile la pili, kukataa kuandika malipo ya mtu, nalo limekwisha kutokea. Mei 2021 kampuni ya Marekani, Marathon, ilitoa ukurasa na kutangaza kwamba imechuja humo malipo yasiyopatana na vikwazo vya serikali yake, kisha ikaacha baada ya kelele. Mwaka 2023 kapu la F2Pool lilionekana likiyaruka malipo ya anwani zilizo kwenye orodha ya vikwazo ya Marekani. Waweza kusema waliozuiwa ni wahalifu, kuna hasara gani? Mimi sina huruma na wahalifu. Ninachouliza ni nani mwingine ataingia kwenye orodha, na iwapo mkulima wa karafuu wa hapa ana mahali pa kwenda kulalamika.

Hadi sasa nimesema juu ya makapu. Kuna kiwanda pia. Kampuni tatu, Bitmain, MicroBT na Canaan, zote zenye asili ya China, ndizo zinazotengeneza karibu mashine zote za kuchimba Bitcoin. Aprili 2017 ilifichuka kwamba programu iliyokuwa ndani ya mashine za Bitmain ilikuwa na njia ya kuzizima kwa mbali. Kampuni ilieleza kwamba ilikusudiwa mwenye mashine aweze kuizima ikiibiwa, kisha ikaiondoa. Hebu fikirini jembe ambalo aliyekuuzia anaweza kulikunja akiwa kwao.

Kuna na umeme. Mashine zinafuata umeme wa bei nafuu kama nyuki wanavyofuata maua. Kwa makadirio ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Septemba 2019 robo tatu hivi ya nguvu ya Bitcoin ilikuwa ndani ya China. Katikati ya mwaka 2021 serikali ya huko ikapiga marufuku uchimbaji, na ndani ya wiki chache nguvu ya mtandao ilianguka kwa karibu nusu. Daftari halikusimama. Kurasa zilichelewa, ugumu ukashuka, mashine zikapakiwa kwenye makontena na kwenda Kazakhstan, Marekani na kwingineko. Wapenzi wa Bitcoin wanalitaja tukio lile kama ushahidi wa uimara, na wana haki. Lakini ni ushahidi pia kwamba uamuzi wa serikali moja uliweza kuzima nusu ya mtandao uliosifiwa kuwa hauna mkubwa.

Makontena kama hayo yamekuja Afrika pia, na hapa naomba wenye mamlaka mnisikilize. Mashariki mwa Kongo, katika Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa 1925, mkurugenzi Emmanuel de Merode na watu wake waliweka mashine za kuchimba Bitcoin mwaka 2020 kwenye kituo cha umeme wa maji cha Luviro. Watalii walikuwa wamekoma kwa sababu ya vita na magonjwa, umeme ulikuwapo bila mnunuzi, na mapato ya sarafu yakasaidia hifadhi kuishi. Kenya, kampuni ya Gridless iliyoanza 2022 inakwenda kwenye vituo vidogo vya umeme wa maji vijijini na kununua umeme unaobaki, ili mwenye kituo aweze kuwauzia wananchi kwa bei ya chini zaidi. Ethiopia ilifungua mlango mpana: kufikia mwanzoni mwa 2024 kampuni 21, karibu zote za Kichina, zilikuwa zimefunga mikataba ya umeme na shirika la taifa. Mwaka uliofuata shirika likasitisha vibali vipya.

Ninayaheshimu mawazo ya Virunga na Kenya. Mto unaotiririka usiku bila mteja ni mali inayopotea, na mwenye mtambo mdogo wa maji anahitaji mnunuzi wa kwanza kabla kijiji hakijaweza kununua friji na mashine za kusaga. Sisi tuna Mvuha na Mfizigo, tuna maporomoko ambayo hayajawahi kuwasha hata taa moja. Na barabara hii inayopita hapa inaelekea Kisaki, na bonde la Rufiji liko huko mbele, lenye Bwawa la Mwalimu Nyerere la megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024. Siku si nyingi atakuja mtu mwenye suti na makontena, atasema mna umeme wa ziada, niuzieni. Sitaki mumfukuze kwa woga. Nataka mumuulize swali ambalo hatalitarajia.

Atawaambia kwamba kuleta mashine Tanzania ni kuueneza uchimbaji duniani, kuutoa mikononi mwa wachache. Mjibuni: mashine zako zitachimba katika kapu la nani? Maana kontena lililoko Virunga au Murang'a ya Kenya au Matombo, likiunganishwa kwenye kapu lile lile la nje kwa utaratibu ule uliozoeleka, limeeneza joto na kelele, lakini kalamu haijasogea hata hatua moja. Ramani ya mashine inaweza kujaa nukta dunia nzima na mamlaka yakabaki chumba kimoja. Sijakutana na wengi wanaotenganisha mambo haya mawili, hata miongoni mwa wasomi, na kosa hili ndilo lililoniharibia jibu langu pale kwenye kibanda cha chai.

Wajomba zangu mliokaa mbele mmeshaanza kutikisa vichwa, mnajua ninakoelekea. Kwa Kiluguru tombo ni titi, na tombo pia ndilo jina la ukoo mdogo, watu waliotoka kwa bibi mmoja. Milima hii ya Uluguru ilikuwa na koo kubwa kama hamsini, na chini yake matombo mamia, na kila tombo lilikuwa na mkubwa wake aliyegawa mashamba, aliyejua mpaka uko kwenye mti upi. Hakukuwa na mtu mmoja wa kuiuza Uluguru kwa saini moja. Serikali ya Waingereza ilichoshwa na hali hiyo. Ilitaka mtu wa kumpa amri, ikapanga masultani, na hatimaye ikamweka sultani mmoja juu ya wote. Watu wakabaki walewale, mashamba yakabaki yaleyale, mikono ya kulima ikabaki maelfu. Kilichokusanywa mahali pamoja ni kalamu.

Kisha ukaja mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru, miaka ya hamsini mwanzoni, na amri ya kuchimba matuta ya ngazi milimani. Nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko, na mito inayonywesha Dar es Salaam inaanzia huku, kwa hiyo haikuwa nia mbaya. Lakini amri ilikuwa moja kwa milima yote. Kule Mgeta, penye mboga na ubaridi, ngazi zilikuwa na faida yake. Huku mashariki matuta yaliwafukulia watu udongo usiozaa, na akina mama wakalimishwa kazi ambayo shamba lao lenyewe lilikuwa likiikataa. Mwenye tombo aliyelijua shamba hakuwa na pa kuandika "hapana." Mwaka 1955 watu walikusanyika hapa Matombo, ghasia ikazuka, mtu akapoteza uhai, na mpango ule ukafa. Wapo kati yenu mliosimuliwa na waliokuwapo. Nimelikumbuka tukio hilo kila nilipokuwa nikisoma habari za makapu, kwa sababu hasara ilitoka pale pale: wenye kufanya kazi walikuwa wengi, na mwenye kuandika alikuwa mmoja.

Je, kuna dawa? Zipo zinazojaribiwa. Kapu liitwalo P2Pool lilijaribu tangu 2011 kugawana malipo bila mwenye kapu, lakini lilikuwa gumu kulitumia na halikukua kwenye Bitcoin. Karibuni kuna utaratibu uitwao Stratum V2, unaomwezesha kila mchimbaji kupanga ukurasa wake mwenyewe na kapu likabaki na kazi ya kugawa malipo tu. Kapu la Ocean, lililoanza mwishoni mwa 2023, nalo linawapa wachimbaji wake njia ya kufanya hivyo. Mama zangu wa VICOBA mnalijua jambo hili bila mafundisho yangu: sanduku lenu lina kufuli tatu, na wenye funguo ni watu watatu wasiolala nyumba moja. Kukusanya fedha pamoja hakukuwalazimisha kukusanya funguo pamoja. Ugumu ni kwamba dawa hizi zinataka mchimbaji ajisumbue kidogo, na kapu kubwa linamlipa vizuri bila usumbufu. Agosti 2025 tuliona nguvu ya ushawishi huo katika sarafu ya Monero, ambayo iliundwa makusudi ichimbwe kwa kompyuta za kawaida ili isitekwe. Mradi uitwao Qubic uliwapa wachimbaji malipo bora zaidi, wakaufuata kwa hiari yao, na ukapata nguvu ya kufuta kurasa sita mfululizo za daftari. Hakuna aliyeshikiwa bunduki.

Wengine wameiacha kazi yenyewe. Ethereum iliachana na uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022 na sasa anayeandika huchaguliwa kwa kadiri ya sarafu alizoweka rehani. Huko nako kuna wakubwa wanaokusanya rehani za wadogo, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Nimalizie na ya nyumbani. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae nazo, na Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijiti. Kutozwa kodi si sawa na kulindwa. Ukipoteza, usitegemee kwamba risiti ya kodi itakurudishia. Na vijana, kile kitufe cha simu mnachobonyeza mara moja kwa siku mkaambiwa mnachimba, huko si kuchimba. Mmeziona uniti 78. Simu yenye asilimia kumi ya chaji haiwezi kazi hiyo.

Kijana wa rubi aliyeniuliza swali yuko hapa, nimemwona karibu na dirisha. Ndugu yangu, jibu langu la pili ni hili: kitalu hakina mwenyewe, lakini wenye kalamu wapo, wanahesabika, na wewe ukiwasha mashine unamchagua mmoja wao.

Nimekuja na mashine moja kuukuu aina ya S9, iko mezani chini ya kitambaa. Ilikuwa bingwa mwaka 2016, leo haiwezi kurudisha hata gharama ya umeme wake. Ina bamba tatu na chipu 189, na imefunguliwa ili muone ndani. Sitaiwasha, waya za jengo hili haziwezi kuibeba. Pembeni yake nimebandika picha ya ukurasa wake wa mipangilio. Juu kabisa kuna nafasi tatu za kuandika anwani ya kapu. Nimeziacha wazi. Watoto watangulie, wasukumane kidogo kidogo, na wazee tuwapishe mbele.